Jina Lingali mu Daftari
Neno la wajumbe waliotoka Kampala, lililosomwa mbele ya mkutano mkuu, Bunia



Mlitutuma Kampala watu wanne, mwezi wa saba, kufuatilia karatasi za masomo za watoto saba waliosoma Uganda wakati wa ukimbizi. Ripoti ya kazi ile komite imekwisha kuipokea: za watoto watano zimepatikana, za wawili zingali zinafuatiliwa. Lakini mwenyekiti ametuomba tuseme pia juu ya jambo lingine, kwa sababu kuna maneno yanatembea hapa mjini kwamba wajumbe walikwenda kucheza muziki.

Ndiyo, tulikwenda. Siku ya Yenga ofisi zinafungwa, na siku ile Afrigo Band walikuwa wanapiga mu uwanja wa wazi. Tike kila mtu alilipa kwa mfuko wake. Hakuna hata franka moja ya sanduku iliyoingia pale, na mwenye kutunza pesa ameona hesabu yote. Sasa tuwaeleze tulichokiona, juu kinagusa kura tunayongojea.

Vijana waliobaki huku watauliza: Afrigo ni nani? Sisi tulioikala Kyangwali tunawajua tangu redio. Ni kundi lililoanza Kampala mwaka 1975, wakati wa Idi Amin. Mzee Moses Matovu, anayeimba na kupuliza saksofoni, alikuwa mmoja wa walioanzisha, na leo amepita miaka 70, bado yuko mbele ya watu. Hesabuni wenyewe: 1979 Amin alifukuzwa na vita. 1980 wanajeshi wakamwondoa rais mwingine. 1985 Obote akapinduliwa. Januari 1986 Museveni akaingia Kampala na watu wake. Mara nne bunduki ilibadilisha wakubwa, na lile kundi halikufa. Mtu wa Saio ao wa Mudzipela hana haja ya kuelezwa hesabu ya namna hiyo maana yake nini.

Tulifika saa tisa ya mchana. Ilikuwa kiangazi, majani ya uwanja yamekauka, vumbi kidogo, viti vya plastiki, moshi wa kuku wa kuchoma kila upande. Bamama wazima walikuja na gomesi zao kama wanakwenda harusi. Tulifikiri tutakuta wazee tu. Tukakuta wasichana wa chuo wanaimba neno kwa neno nyimbo zilizotoka mbele ya wao kuzaliwa.

Kitu kimoja kilitushangaza. Mzee Matovu aliimba, akapuliza, watu wakapiga kelele. Halafu akarudi nyuma, akamwachia kijana maikro. Nyimbo tatu nzima mzee alisimama pembeni, saksofoni kifuani, anapiga mguu chini polepole, anasikiliza. Kijana alipomaliza, mzee ndiye aliyeanza kupiga makofi. Hapo mmoja wetu alisema: «Mukiona hivi munajua kwa nini hawajakufa.»

Na ile gita ya solo ilipoanza kukimbia, tuliangaliana. Ile ni mchezo wa kwetu! Miaka mingi wanamuziki wa Kongo walipita Uganda na gita zao. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipita huko na kundi lake Les Kinois mbele ya kufika Nairobi mwaka 1977, na ni Nairobi alipounda Orchestre Virunga. Waganda walisikia, wakachukua, wakatia Luganda ndani yake. Basi tulikuwa wageni mu uwanja ule, lakini viuno vyetu havikuwa wageni.

Jua lilipoanza kushuka, tulisikia watu wanacheka Kiswahili cha Ituri nyuma yetu. Walikuwa wa kwetu, wengine wanaikala Kampala, wengine walitoka Kyangwali kwa shuguli zao. Tuliunganisha viti. Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, wote sahani moja ya mihogo. Hakuna aliyeuliza nani ametoka kijiji gani. Hapa Bunia, tuseme kweli, kuna quartier mtu anafikiri mara mbili mbele ya kuingia jioni. Pale tulikula, tukacheza, tukakumbuka mwaka 2018, tulipovuka ziwa na mitumbwi, na kipindupindu kikatungojea ng'ambo.

Kati yao kulikuwa mama mmoja. Jina lake hatulitaji, lakini wengi wenu munamjua. Alirudi pamoja na sisi, alilipa mchango wake miaka miwili bila kukosa hata mwezi. Kijiji chake kilipochomwa mara ya pili, alichukua batoto akarudi Uganda. Muziki ulikuwa na nguvu, ikabidi aseme mu sikio: «Jina yangu ingali mu daftari?»

Hatukuweza kumjibu. Hatukuwa na haki ya kumjibu, juu jibu liko mikononi mwenu. Munajua pendekezo lililo mezani: mtu anayekwenda tena ukimbizini na kupita miezi sita bila kulipa, jina lake lifutwe na mchango wake ubaki mali ya shirika. Walioleta pendekezo hilo si watu wabaya. Wanasema sanduku ni dogo, wagonjwa ni wengi, na wanaobaki hapa ndio wanaozika na kulaza watu mu hospitali. Ni kweli. Sisi wanne hatukupatana hata mu basi. Toka Kampala mpaka Karuma tulibishana, tukavuka daraja la Pakwach tunabishana, na tulipofika Goli kwenye mpaka wawili walikuwa wangali na mashaka. Leo tunasema sauti moja: pendekezo hilo lisipite namna lilivyo.

Tazameni makundi ya muziki, juu nayo ni mashirika kama letu. Yako na vyombo vya wote, pesa ya wote, na ugomvi wa wote. Zaïko Langa Langa walianza Kinshasa mwaka 1969. Mwaka 1974 Papa Wemba na wenzake walitoka, wakaunda Isifi Lokole. Baadaye wengine wakatoka tena, na tena: Langa Langa Stars, Familia Dei. Kila mara watu walisema Zaïko imekwisha. Nyoka Longo alibaki, akaingiza vijana wapya, na kundi limepita miaka 50. Mtu kutoka haiuwi kundi. Kinachouwa ni pale waliobaki wanaposhindwa kuingiza wapya na kufunga mlango kwa waliotoka.

Na waliotoka kwetu hawakwenda kutafuta jina ao pesa. Walikimbia. Kumfuta mtu juu alikimbia moto ni kumwadhibu mara ya pili, na sisi wote hapa tulikimbia angalau mara moja. Nani anaweza kuapa hatakimbia tena?

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu.

Kwanza, anayeondoka juu ya vita asifutwe. Jina lake liandikwe mu ukurasa wa pembeni: «yuko ukimbizini». Wakati ule hasaidiwi na sanduku, na hadaiwi. Hivyo sanduku halibebi mzigo zaidi, na wasiwasi wa walioleta pendekezo unapata jibu.

Pili, akirudi, mchango wa zamani uhesabiwe. Asianze kama mgeni.

Tatu, mu komite mpya nafasi mbili zipewe vijana wa chini ya miaka 30, na wapewe kazi kweli, si kubeba viti. Karani na msaidizi wa sanduku, kwa mfano. Wazee wasimame pembeni kidogo, wasikilize, wapige makofi, na kijana akikosea wamwonyeshe.

Kwa wafadhili wetu: mara nyingi mnatuuliza ni wangapi «wamerudi kabisa». Tunawaomba mtuelewe. Hapa kwetu kurudi si siku moja. Mtu anarudi, anapanda, anakimbia, anarudi tena. Mkihesabu waliorudi mara moja tu, mtaona namba inapanda na kushuka na mtafikiri tunawadanganya. Mkikubali ukurasa wa pembeni uingie mu ripoti zenu, mtaona watu walewale, wako wapi, na wanangojea nini.

Kura ni siku ya Yenga ya kwanza ya mwezi ujao, kisha ibada. Kila mwanachama aliyelipa ana sauti moja. Wasioweza kufika wamtume ndugu na kikaratasi chenye sahihi. Kuhusu yule mama, karani ameahidi kumpigia simu usiku uleule, jibu likiwa ndiyo ao hapana.

 Mungu awalinde ninyi na walio ng'ambo ya ziwa.