Utani Una Wenyewe

Msikilizaji, aliyewahi kuzika huku Puge anamjua mtani. Watu wamejiinamia, kina mama wanalia, naye anaingia akiiga mwendo wa marehemu, kuchechemea kwake na kukohoa kwake. Kaburi likishakuwa tayari anashuka na kulala humo. Hatoki mpaka wafiwa watoe chochote. Waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyeshika jembe kulichimba kaburi, na siku msiba ukiwa kwake, sisi ndio tutakaolala shimoni.

Utani huo, hasa ule wa sisi Wanyamwezi na Wagogo na Wazaramo, tunausimulia pamoja na habari za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walipita katika nchi za watu wakihitaji maji, chakula, na wa kuwasaidia kumzika mwenzao aliyefia njiani. Watu waliokutana wakiogopana wakaishia kukejeliana bila kuchomoa visu. Ndiyo maana utani una wenyewe. Humtanii usiyemjua, na unayemtania ana haki ya kukurudishia papo hapo.

Nashikilia kipimo hicho leo, tunapojiuliza kichekesho katika redio na televisheni ya umma kiishie wapi.

Oktoba 2008, watangazaji Russell Brand na Jonathan Ross wa BBC walimpigia simu mwigizaji mzee, Andrew Sachs. Hakupokea. Wakamwachia ujumbe wa kumdhalilisha mjukuu wake, na kipindi kilichokuwa kimerekodiwa mapema kikapitishwa na kurushwa hewani. Brand alijiuzulu, Ross akasimamishwa kazi wiki 12 bila malipo, na BBC ikatozwa faini ya pauni 150,000. Mzee wa watu hakuwa mtani wao, wala hakuwepo kujibu.

Kwetu, Redio Tanzania ilitupa vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Baadaye kundi la Ze Comedy lilihama EATV kwenda TBC1, na viongozi wakaigizwa katika televisheni ya taifa. Lilikuwa jambo jema. Kituo cha umma kinalishwa na kodi ya wote, akiwemo muuza karanga anayekimbilia madirisha ya mabasi ya Nzega na Tabora. Kutopendelea upande hakumaanishi kufuta vichekesho. Maana yake ni kwamba ukimwigiza mpinzani leo, kesho umwigize waziri, kwa ukali uleule. Ukimtania mmoja na kumwogopa mwingine, hapo umeshapiga kampeni.

Lakini wako wasioweza kurudisha. Katika mkoa wetu wa Tabora, na kwa jirani zetu wa Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho mekundu. Wekundu ule mara nyingi ni wa moshi. Ni miaka na miaka ya kuinamia mafiga, kupuliza kuni mbichi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Anayeigiza hewani bibi mchawi wa macho mekundu anaweza kuuchekesha mji mzima. Huku vijijini anamsikiliza pia mtu aliyekwisha kulinoa panga. Ndivyo ilivyo pia kwa wenzetu wenye ualbino: kejeli juu ya miili yao inawapa nguvu wanaowawinda.

Sasa tazameni tulichofanya. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati huo. Mashtaka yaliyofuata yalihusu laini ya simu. Rais ana Ikulu, ana msemaji, ana kila kipaza sauti nchini. Bibi wa Puge hana hata redio ya kumjulisha kwamba ametajwa. Tumeharakisha kumkinga anayeweza kujibu, tukamwacha uwanjani asiyeweza. Hayo ni makosa, na yanarekebishika.

Nawaomba watayarishaji wa vipindi, wa TBC kwanza na kisha wa vituo vyote, kabla kichekesho hakijaenda hewani wajiulize kama huyu anayetajwa anaweza kusimama na kuwarudishia. Kama anaweza, mtanieni, awe diwani au Rais. Asiyeweza kukurudishia si mtani wako. Mwache.