Imani ya Mkatoliki Mezani pa Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Halmashauri yenu imenipa heshima nisiyoistahili kwa kuniita niseme nanyi jioni hii juu ya jinsi Mkatoliki awezavyo kuishika dini yake katika dunia ya siku hizi. Nilipoipokea barua ya Bwana Katibu nilitaka kukataa, maana mimi si padre wala katekista, ni karani tu. Na tena humu ndani wamo ndugu zangu Waislamu, na wa madhehebu mengine, ambao sikupenda kuwachosha kwa mambo ya kanisani kwetu. Bwana Katibu akanijibu kwamba mapadre wamekwisha kusikilizwa mara nyingi, na kuwa safari hii chama kinataka kumsikia mtu ashikaye kalamu na muhuri. Basi nimekuja, na nitasema ya karani.

Nimepata kuiona afisi moja ambamo picha ya Bikira Maria imetundikwa ukutani vizuri sana, na chini ya picha hiyo iko meza, na mbele ya meza hiyo mzee aliyetoka shamba huambiwa arudi kesho. Hurudi mara tatu, mara nne, hata atambue mwenyewe ni kitu gani kinachongojwa. Mwenye meza hakosi Misa ya Jumapili. Wala simwiti mnafiki, maana nadhani hajapata kufikiri hata siku moja ya kuwa picha ile na yule mzee wana habari ya kuambiana. Maaskofu wa dunia nzima, walipokutanika Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waliandika mwaka 1965 katika hati iitwayo Furaha na Matumaini ya kwamba kutengana huku kwa imani ya mtu na kazi yake ya kila siku ni miongoni mwa makosa mazito ya zama zetu. Na Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, chini ya amri ya saba, ile ya kutokuiba, imetaja mambo ambayo kila mmoja wetu anayajua kwa majina ya kienyeji: kuwapa rushwa wale wenye kuamua mambo kwa sheria, kughushi hundi na hati za bei, kutumia mali ya watu wote kwa faida ya nafsi, hata kufanya kazi vibaya. Hili la mwisho limetupita wengi. Uvivu wa karani umewekwa katika fungu moja na wizi.

Sasa niruhusuni niwapeleke Goma, katika Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, kwenye ziwa Kivu na chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo. Huko wanasema Kiswahili kama sisi, na ndiyo maana jina la mtu nitakayemtaja halihitaji mfasiri: Floribert Bwana Chui Bin Kositi. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akajiunga na jumuiya ya walei ya Sant'Egidio, na pamoja na wenzake aliwafundisha watoto wasio na makwao, wale waitwao huko maibobo. Kisha akapata kazi katika shirika la Serikali lenye kukagua bidhaa. Mnaona, Mabwana, alikuwa mwenzetu. Hakuwa mhubiri. Kazi yake ilikuwa kutazama shehena zilizoingia mpakani, akapitisha iliyo nzima, na iliyoharibika akaamuru iteketezwe.

Mwaka 2007 kulikuja mchele uliooza. Wenye mali wakataka upitishwe uende sokoni, nao wakamtolea fedha, naye akakataa. Wakamtolea tena, na watu wenye nguvu wakambana, akakataa vile vile. Inasimuliwa kwamba alimweleza mtawa mmoja aliyekuwa daktari mambo yaliyompata, na maana ya maneno yake ilikuwa hii: fedha zile zingekwisha upesi, bali wale watakaoula mchele ule, hali yao itakuwaje? Tarehe 7 Julai alikamatwa na watu akapotezwa, na tarehe 9 maiti yake ikaonekana, nayo ina alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Baba Mtakatifu Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, akawafanya waitikie kwa pamoja kwamba wanaikataa rushwa. Mwezi wa Novemba 2024 akakubali ya kuwa kijana huyu aliuawa kwa chuki ya imani, yaani ni shahidi. Na tarehe 15 Juni 2025, wakati Goma ilipokuwa imekwisha kutekwa na waasi wa M23, alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika Kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Ningependa tukae kidogo na jambo hili. Kongo ilikwisha kuwa na mashahidi. Isidori Bakanja alipigwa mpaka akafa mwaka 1909 kwa sababu hakukubali kuivua skapulari yake, na Sista Anuarite aliuawa mwaka 1964 kwa kulinda nadhiri yake. Hayo ni mambo ambayo kila mtu huyaona kuwa ya dini. Lakini Bwana Chui hakuambiwa na mtu amkane Kristo, wala hakuna aliyemvua rozari. Aliombwa sahihi, basi. Na Kanisa, baada ya kuchungua kwa miaka, limesema ya kwamba kuikataa sahihi ile kulikuwa ni kuiungama imani. Mimi niliposoma habari hiyo nilikosa usingizi, na sababu yake nitawaambieni, ingawa si jambo la kujisifia.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani wa bohari katika kituo kidogo, nisichokitaja. Mzabuni mmoja alileta unga wa shule ya bweni. Hati ilisema magunia 40, nami niliyahesabu kwa mkono wangu yakawa 34. Nilitia sahihi ya 40. Bahasha niliyopewa sikuiomba, nami nilijifariji kwa neno hilo muda mrefu: sikuomba. Jumapili iliyofuata nilitoa sadaka kubwa kuliko desturi yangu, na watu wakaniona, nami sikuchukia kuonekana. Baadaye nilipoungama nilidhani padre atanipa sala, nami nitazisali nitoke. Akaniuliza kwa upole kama wale watoto wamekwisha kurudishiwa unga wao. Nikamjibu kuwa sahihi ilikuwa moja tu. Akasema kwamba Mungu husamehe, ila unga haurudi kwa kusamehewa, na tena nisifikiri ya kuwa deni langu ni kadiri ya bahasha. Deni ni magunia 6, maana pasipo mkono wangu yasingepotea.

Ndugu zangu, nililipa kwa miezi kumi na minne, kidogo kidogo, kila mwezi nikinunua unga na kuupeleka mwenyewe shuleni. Mpishi alidhani nina nadhiri. Mke wangu aliuliza mshahara unakwenda wapi, nikamwambia kweli, akanyamaza siku mbili, kisha akaacha kunywa chai yenye sukari pasipo kuniambia neno. Hilo liliniuma kuliko maneno ya padre. Na sipendi mfikiri kuwa tangu hapo nimekuwa shujaa, maana mara ya pili nilipoletewa bahasha nilikataa huku magoti yakitetemeka, na haikupita muda nikahamishwa mbali, wala hakuna aliyeniambia kwa nini.

Najua wako watakaosema, mshahara wa karani hautoshi, naye ana jamaa wengi. Ni kweli, wala siipuuzi. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 uitwao Rerum Novarum, alifundisha ya kuwa mfanyakazi ana haki ya ujira wa kumtosha kuishi kwa kiasi, na ya kuwa watu wa kazi wana haki ya kufanya vyama vyao. Kwa hiyo Mkatoliki ahudhuriaye mkutano huu ili kudai nyongeza kwa njia ya halali asidhani ameiacha dini yake mlangoni. Lakini ujira uliopungua unadaiwa kwa mwajiri. Haudaiwi kwa yule mzee wa shamba, wala kwa watoto wa bweni. Nadhani hata ndugu zangu Waislamu, mlio na neno amana, mnalifahamu hili pengine kuliko sisi.

Nami nina ombi moja kwa Halmashauri. Tukimtazama Bwana Chui twaona kijana aliyebanwa na wengi, naye mlinzi hana. Mtu akikataa bahasha peke yake, wenye bahasha hujua ni nani wa kumwondoa. Wakikataa kumi kwa pamoja, kazi yao huwa ngumu. Chama chetu kinalo fungu la msiba na fungu la ugonjwa. Naomba liwepo fungu la tatu, dogo tu, la kumsaidia mwanachama aliyehamishwa au kusimamishwa kazi kwa kukataa kutia sahihi ya uongo, awe wa dini yo yote: nauli ya watoto, kodi ya nyumba ya miezi michache, na mtu wa kumwandikia barua ya rufani. Tena mtu huyo asiulizwe barazani mbele ya watu, bali aende kwa Katibu kwa siri, maana aibu huwazuia wengi.

Karatasi ya wenye kukubali jambo hili iko mezani kwa Bwana Katibu, karibu na mlango. Jina langu nimekwisha kuliandika, na fedha ya mwezi huu nimeiacha hapo.