Kabla ya Kuchagua Chuo cha Biashara, Soma Ukurasa wa Masomo ya Lazima

(Mhadhara uliotolewa msikitini Kapkatet baada ya Swala ya Asr, mbele ya vijana waliomaliza Kidato cha Nne na wazazi wao)

 

 Nimepewa nusu saa, na futari haingojei mtu, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Wengi wenu mliokuja kuniuliza juu ya kozi mnataka biashara. Mnaniuliza karo ni ngapi, kama ni afadhali Nairobi au Kabianga hapa karibu, kama kuna mahali pa kuswali. Maswali mazuri yote. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza: je, katika miaka hiyo minne nitasomeshwa nini ambacho si biashara? Na mimi niko mwaka wa tatu, ninawaambia hicho ndicho kinacholeta manung'uniko mengi zaidi bwenini. Kijana amekuja kusomea uhasibu, anakuta ratiba ina falsafa, stadi za mawasiliano, mazingira, somo la UKIMWI. Anasema, "Baba ameuza majani ya chai mwaka mzima nije nisome falsafa?"

Kwanza tujue yametoka wapi. Zamani mwanafunzi wa Kenya alisoma Kidato cha Tano na cha Sita, halafu chuo kikuu miaka mitatu kwa mtindo wa Uingereza, fani moja tu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 vile vidato viwili vilitoka, na kundi lake la kwanza lilipoingia chuo kikuu mwaka 1990, shahada ilikuwa miaka minne. Hapo tukasogea upande wa Marekani, ambako mwanafunzi wa biashara lazima apite pia kwenye historia, lugha, sayansi na falsafa. Na huko kwenyewe walibishana sana. Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili, moja ikigharimiwa na Ford na nyingine na Carnegie, zikalaumu vyuo vya biashara kwamba vinatoa watu wa elimu nyembamba, wanaojua kazi ya mezani bila kujua dunia inayoizunguka meza.

Sasa yule anayeuliza falsafa ni ya nini, mimi namrudisha hapa hapa kwetu. Mzazi wako anapeleka majani mabichi kituoni, analipwa kwa kilo kila mwezi, halafu anangoja bonasi. Karo yako imo ndani ya hiyo bonasi. Lakini bei yake haipangwi Kapkatet. Chai inashuka hadi mnada wa Mombasa, inauzwa kwa dola, na mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan. Pakistan ikipungukiwa na dola, wewe unaumia. Machi 2025 Sudan ilisimamisha kununua bidhaa za Kenya, si kwa sababu chai yetu ilikuwa mbaya, bali kwa hasira kwamba kundi la RSF lilikutana Nairobi mwezi uliotangulia. Hesabu za kiwanda ziwe safi namna gani, zitakuonyesha kwamba fedha zimepungua tu. Hazitakuambia ni kwa nini. Hiyo ni siasa, ni historia ya watu wa mbali.

Au chukua Julai 2021, ilipowekwa bei ya chini kabisa ya mnada, dola 2.43 kwa kilo, ili mkulima asinyonywe. Nia njema! Lakini wanunuzi wakaacha chai nyingi, ikalala maghalani. Kujua lini nia njema inageuka hasara ni somo la uchumi, lakini pia ni somo la kupima hoja.

Na wale mnaosema mtakuwa mameneja wa mashamba makubwa ya Kericho, sawa, inshallah. Mnajua watu wa Talai walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa Gwassi mwaka 1934? Mnajua kwa nini Mei 2023 vijana walichoma mashine za kuchuma chai? Meneja anayejua faida na hasara pekee ataona uhalifu, ataita polisi. Aliyesoma historia ataona pia ardhi, ataona mikono iliyokosa kazi, na huenda akawa ameketi na wazee kabla ya moto.

Sisi wa madrasa tusiogope jambo hili. Ustadh alitufundisha fardhu ain na fardhu kifaya. Imam Ghazali aliiweka hesabu katika fardhu kifaya kwa sababu watu wanaihitaji katika kuuziana na kugawa mirathi. Na yeye huyo aliufungua Al-Mustasfa, kitabu cha usuli wa sheria, kwa utangulizi wa mantiki. Kwa hivyo lile somo la kufikiri kwa hoja mnaloliona geni lina babu zake kwetu. Al-Khwarizmi naye, Baghdad, kama mwaka 820, alipoandika kitabu kilichotupa neno aljebra, sehemu kubwa aliijaza mafumbo ya wasia na mirathi. Kwake hesabu na fiqhi na biashara vilikaa jamvi moja.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani kila somo la lazima ni lulu. Mengine yanasomeshwa ovyo. Mimi nimekaa katika somo la mawasiliano, watu zaidi ya mia nne ukumbi mmoja, kipaza sauti kimekufa, mwalimu anasoma karatasi zile zile mpaka mwisho wa semista. Yaani somo la kuwasiliana, na hakuna anayesikia! Hapo manung'uniko ni ya haki. Na chuo kinachotoza karo kwa uniti, kila somo la namna hiyo ni pesa za mzazi. Ndiyo maana nasema pima. Usikubali yote kwa macho mafumba, wala usikatae yote.

Na vyuo havifanani kabisa. USIU-Africa inafuata mtindo wa Kimarekani, mwanafunzi wa biashara anapita kwenye masomo ya jumla ya fani nyingi kabla ya kumaliza. Strathmore inatilia mkazo falsafa na maadili, na asili yake ni ya Kikatoliki. Daystar ni chuo cha Kikristo, hakifichi jambo hilo, na masomo ya Biblia yamo katika masomo yake ya lazima. Umma University, Kajiado, ni ya Waislamu. Vyuo vya umma, Kabianga kikiwemo, havina dini.

Hapa wazazi huwa wanashtuka, kwa hivyo niseme ninavyoona mimi. Kusoma anachoamini jirani yako si kuabudu anachoabudu, na hapa Kapkatet majirani zetu wengi ni Wakristo, tunafanya nao biashara kila siku. Lakini kuna tofauti ya kusoma na kuhudhuria ibada. Katiba yetu, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kufanya tendo linalopingana na dini yake. Basi uliza mapema, kwa maandishi: ibada za chuo ni lazima au ni hiari? Mitihani ya Ijumaa inaanza saa ngapi? Dada, uliza habari ya hijabu kabla ya kulipa, si siku ya kuripoti. Kama jibu halikuridhishi, tafuta pengine kwa amani, chuo kile hakikukudanganya.

Kuna anayesema, mimi basi nitafanya CPA, niyaepuke yote. CPA ni njia nzuri na ya gharama nafuu, siipingi. Lakini fungua mtaala wa KASNEB ulioanza 2021: ngazi ya kwanza tu kuna stadi za mawasiliano, kuna sheria na utawala, kuna uchumi. Wahasibu wenyewe wameona hesabu peke yake haitoshi.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Kila chuo mnachofikiria kukiweka kwenye maombi ya KUCCPS, ingieni tovuti yake au pigeni simu ofisi ya usajili, mpate orodha ya masomo ya biashara ya mwaka wa kwanza hadi wa nne. Pigeni mstari chini ya yale yasiyo ya biashara, myahesabu. Kila moja andika pembeni linagharimu nini, na kama unaweza kulichagua au limechaguliwa tayari. Chuo kinachokuruhusu kuchukua historia, au Kiarabu, au takwimu badala ya kukupangia kila kitu, mimi nakipa alama zaidi.

Jumamosi baada ya Asr nitakuwa hapa hapa barazani na kalamu yangu. Njooni na hizo karatasi, na mzazi akiweza aje pia, maana yeye ndiye anayelipa.