Wakili hapimwi kwa lango la chuo

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, Mombasa



Vijana wetu, leo sikuja kuwafundisha sheria. Hiyo nyinyi mwaijua mbichi kuliko mimi. Nimekuja kusema ugonjwa mmoja ulioko kwetu mawakili, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Nilipokuwa natafuta pa kufanyia ile miezi sita ya mafunzo, niliingia afisi moja Nairobi na bahasha yangu. Wakili akasoma mstari wa kwanza, akauliza: "Hiki nacho ni chuo?" Basi. Nikarudi Mombasa na basi la usiku, na sifichi, nililia.

Miaka ikapita, nikafungua afisi yangu. Siku moja nina barua 12 mezani na nafasi ni moja. Nikazigawa mafungu mawili: vyuo vyenye jina huku, vilivyobaki kule. Karani wangu akaniuliza, "Wakili, hizi za kule mbona hujazisoma?" Wallahi nilinyamaza. Niliyotendewa, nami nilikuwa nawatendea wenzangu.

Sasa tuulizane. Kenya hii, hakuna anayetoka chuo kikuu moja kwa moja akasimama mbele ya hakimu. Awe amesomea chuo cha karo ya mamilioni au cha kule mashinani, wote wapitia Chuo cha Sheria cha Kenya, wote wafanya mitihani ile ile ya Baraza la Elimu ya Sheria, wote waapishwa na Jaji Mkuu. Mizani ni moja. Ukiongeza mizani ya pili, ya jina la chuo, wajua wapima nini? Mara nyingi wapima mfuko wa babake mtu.

Mtasema, "Lakini wakubwa wote walitoka vyuo vikubwa." Hebu niwape kisa. Marekani kulikuwa na kijana mweusi wa Baltimore, Thurgood Marshall. Chuo cha sheria cha jimbo lake, Maryland, hakikuwa kikipokea weusi. Akaenda Howard, Washington, chuo cha weusi, akamaliza mwaka 1933. Miaka miwili baadaye, yeye na mwalimu wake, Charles Hamilton Houston, waliishinda Maryland mahakamani, mwanafunzi mweusi akapokelewa. Mwaka 1960 Marshall huyo huyo alikuwa mshauri wa wajumbe wetu Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London, akaandika rasimu ya haki za kimsingi kwa ajili ya Kenya. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Usione vyaelea, vimeundwa. Houston aliwakaza wanafunzi wake mpaka wakaiva.

Kwa hivyo, nyinyi mnaodharauliwa, dharau isiwe kisingizio. Nendeni Shanzu, mkae mahakamani msikilize kesi. Andikeni hoja za kesi moja, kurasa mbili, mbebe pamoja na barua ya maombi. Anayetaka kuuliza chuo, mpe kazi asome kwanza.

Na nyinyi wa vyuo vyenye jina, ambao mkikutana na mwenzenu swali la kwanza ni "Wewe wa wapi?", jueni jina hilo mlilikuta. Halikuandika hoja hata moja kwa niaba yenu.

Na sisi wazee wenye afisi, twapiga kelele kuhusu ubaguzi kila siku, halafu twabagua kwenye meza zetu. Mimi siku hizi karani hufunika jina la chuo kabla barua hazijanifikia. Wote nawapa faili moja, waandike. Wakati mwingine nashangaa aliyeshinda, na huona aibu kwamba nimeshangaa.

Mwisho. Mama ambaye mwanawe amekamatwa usiku, na saa 24 za Kifungu cha 49 zimeshapita, hatakuuliza ulisoma wapi. Atauliza, "Mwanangu, utakuja?" Jitayarisheni kwa swali hilo.

Wabillahi tawfiq.