Daktari Anayesimama Kati ya Maabara na Mwajiri

Tarehe 4 Januari 1987, huko Chase, Maryland, treni ya abiria ya Amtrak ilivigonga vichwa vya treni vya Conrail vilivyokuwa vimepita ishara ya kusimama. Watu 16 walikufa. Dereva wa Conrail na msaidizi wake walipopimwa, walikutwa na bangi mwilini. Mwaka 1991 Kongresi ya Marekani ikapitisha sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafirishaji: wa reli, wa ndege, wa malori.

Chini ya sheria hiyo, mfanyakazi akikutwa na dawa, majibu hayaendi moja kwa moja kwa mwajiri. Hupitia kwanza kwa daktari mhakiki, ambaye lazima ampe mhusika nafasi ya kujieleza. Makala hii inashikilia kwamba leseni ya udaktari peke yake haitoshi kwa kazi hiyo. Mtu anaweza kuwa bingwa wa presha na kisukari, lakini asijue mofini imefikaje kwenye mkojo wa mtu asiyewahi kugusa heroini.

Huenda imetoka kwenye mkate. Mbegu za mpopi zinazonyunyizwa juu ya mikate na keki hubeba mofini kidogo, na hadi mwaka 1998 kiwango cha kumhesabu mtu kuwa amekutwa nayo kilikuwa nanogramu 300 tu kwa mililita. Kikapandishwa hadi 2,000. Hata hivyo, namba peke yake haimalizi shauri. Daktari hutazama kama kuna 6-asetilimofini, ambayo heroini huiacha mwilini na mbegu haziwezi kuiacha. Lakini nayo hutoweka upesi. Isipoonekana, na mofini ikiwa chini ya 15,000, lazima mtu achunguzwe mwili wake: makovu mapya ya sindano, au dalili za kukosa dawa aliyoizoea, ile hali ambayo vijana wa pwani yetu huiita arosto. Asiyewahi kumwona mwenye arosto ataitambuaje?

Methamfetamini nayo ina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. La kushoto limo katika baadhi ya dawa za mafua za kuvuta puani zinazouzwa madukani Marekani bila cheti, na selejilini ya wagonjwa wa Parkinson hugeuka mwilini kuwa hilo hilo. Linalouzwa vichochoroni kwa kawaida huwa la kulia. Daktari asiyejua kuiomba maabara iyatenganishe atamfukuzisha kazi mgonjwa wa mafua.

Ujuzi huo huo hufunga visingizio. Anayedai kwamba kokeini imetokana na ganzi ya daktari wa meno hana hoja: lidokeini haigeuki kuwa kokeini. Na cheti cha bangi ya matibabu, hata kama jimbo limekiruhusu, hakikubaliki kwa dereva wa lori.

Ndiyo maana mhakiki hufanya mtihani, na kila baada ya miaka 5 huufanya tena.

Mkojo wenyewe hugawanywa katika chupa mbili, moja mililita 30, nyingine 15. Tangu aambiwe majibu, mfanyakazi ana saa 72 za kudai ile ndogo ipimwe katika maabara nyingine. Kumweleza haki hiyo ni kazi ya daktari yule yule.