NENO LA KATIBU WA TAWI: KIVUKO, TAKA NA DENI LA KIKUNDI

*Ndugu wanachama,* wengi hamkufika kikaoni leo Jumapili tarehe 8 Desemba 2024 kwa sababu ya mvua. Mwenyekiti wa tawi ameagiza niyatume hapa maneno niliyoyasoma, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Ni marefu. Someni usiku mkitulia. Msije kunijibu kwa alama ya dole gumba tu.

 

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba umekwisha. Walioshinda wameapa, walioshindwa wamerudi kwenye biashara zao. Leo sitazungumza habari ya nani alimpigia nani. Nataka tuzungumze habari ya vikao, ambavyo najua hakuna anayevipenda, maana havina ngoma wala fulana. Lakini kivuko chetu kimekosekana kwa sababu ya vikao, na taka zetu zimelala kwa sababu ya vikao.

Naanza na kivuko, kwa kuwa kosa ni langu.

Mnakumbuka mwaka jana mwezi wa kumi na mbili tulikusanya saini za watu wa mlimani, tukaandika barua ya kuomba kivuko pale kwenye korongo linaloshuka kuelekea Mto Mirongo. Barua niliiandika mimi, nikaigonga muhuri wa tawi, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya jiji, masjala. Nikarudi nikawaambia kazi imekwisha. Tukakaa. Januari ikapita, Februari ikapita. Mwezi wa tatu nikaenda kufuatilia, nikaambiwa kwa upole kabisa: "Katibu, barabara na vivuko si vyetu, hivyo ni vya TARURA." Wakati huo bajeti ilikuwa imeshapita. Mvua za masika zikashuka, na mtoto wa mwanachama mwenzetu akateleza pale akienda shule, akavunjika mguu. Mama yake yupo hapa na hajanitamkia neno baya hata siku moja. Afadhali angenitukana.

TARURA imeanzishwa mwaka 2017. Tangu mwaka huo barabara za mitaa, mifereji ya barabara na vivuko viliondolewa mikononi mwa halmashauri vikapelekwa kwa wakala huyo. Mimi katibu wenu, mtu mzima, nilikuwa bado natembea na ramani ya zamani kichwani. Kwa hiyo niwaeleze sasa ili na ninyi msipotee. Kama bomba la maji limepasuka, huyo ni MWAUWASA. Umeme ni TANESCO. Barabara na kivuko ni TARURA. Kodi ya jengo mnayokatwa kwenye LUKU nayo ina njia yake. Jiji limebaki na nini? Limebaki na mambo yanayotugusa kila siku: taka, masoko, shule za msingi na sekondari, zahanati, leseni za biashara, vibali vya ujenzi na ile mikopo ya asilimia kumi.

Sisemi kwamba diwani hawezi kuisemea barabara. Anaweza, tena meneja wa TARURA huja kwenye Baraza akaulizwa. Lakini anayeulizwa jambo ambalo halimo kwenye mpango wake atajibu "tumelipokea", na mnajua maana ya "tumelipokea".

Halafu kuna suala la majira. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Watu wengi wanadhani bajeti ni ile ya Juni wanayoiona Bungeni kwenye televisheni. Hapana. Ile ya Juni ni chakula kilichokwisha kuiva. Huku chini moto unawashwa sasa. Mitaa inatoa vipaumbele vyake, vinakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata, vinapanda kwa wataalamu wa jiji, vinapita kwenye kamati za kudumu, vinafika Baraza la Madiwani, kisha ndiyo safari ya mkoani na TAMISEMI inaanza. Mtu akija na ombi lake mwezi wa nne anakuwa kama mgeni aliyefika wakati vyombo vinaoshwa. Hata akipendwa namna gani, atapewa maji ya kunywa tu.

Na Baraza la Madiwani lina mikutano ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia akaketi akasikiliza. Haruhusiwi kusema, lakini kusikia anaruhusiwa. Nimeingia mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza nilikuta viti vya wananchi vimekaliwa na watumishi wanaosubiri kuitwa na waandishi wawili. Saa tatu nzima wanapitia taarifa za kata moja moja: matundu ya vyoo, madawati, mganga aliyehama. Unasinzia. Lakini katikati ya usingizi huo ndipo shule ya jirani zetu ilipopata fedha za kumalizia boma la madarasa mawili. Diwani wao alisimama na karatasi yenye hesabu ya watoto na hesabu ya nguvu za wananchi, mawe waliyokusanya wenyewe. Hakupiga kelele hata kidogo.

Sasa taka. Hapa mniruhusu nikae kidogo.

Sote tunaijua hali yetu. Gari la taka linaishia chini kwenye lami. Huku juu ni mawe na vichochoro, bodaboda yenyewe inapanda kwa dua. Anayeishi juu anatakiwa ashushe kiroba chake mpaka gari lilipo, siku ya gari, saa ya gari. Mwenye nguvu anashusha. Bibi mwenye miaka sabini hashushi. Anasubiri mvua, na mvua ikija kila mtu anafungua kiroba chake korongoni. Takataka zile zinashuka Mirongo, zinaingia ziwani, na kule tunakwenda kununua sangara na dagaa. Jambo hili tunalifanya sisi. Hakuna mtu kutoka nje anayepanda mlimani usiku kuja kututupia.

Nimewasikia mkisema: "Tunakatwa kwenye LUKU, halafu tena tulipe taka?" Nimeshaeleza, ya LUKU ni kodi ya jengo, haiendi kwa mzoa taka. Ada ya taka ni kitu kingine na ina daftari lake.

Daftari hilo ndilo nililolifuata. Mimi nimesomea uhasibu, ni stashahada tu, lakini karatasi ya mapato naijua nikiiona. Nilimwomba Mtendaji wa Mtaa anionyeshe makusanyo ya mlimani ya miezi sita. Alinionyesha bila kusita, na namshukuru. Kwa karatasi ile, huku juu karibu hatulipi kabisa. Nikashangaa, maana nyumbani kwangu tunalipa kila mwezi. Nikamwuliza mama watoto risiti ziko wapi. Akaniambia kijana huwa anakuja, anachukua pesa, anaandika kwenye kidaftari chake, anaondoka. Risiti ya mashine hakuna. Nikauliza jirani, hivyo hivyo. Nikauliza nyumba ya tatu, nikaacha kuuliza.

Sasa fuateni hesabu hii. Pesa tunatoa. Kwa kuwa haina risiti ya POS, haipo. Kwa kuwa haipo, mzoaji anasema kwenye kikao kwamba mlimani hawalipi. Kwa kuwa mlimani hawalipi, hana sababu ya kuweka vibarua wa kupanda. Diwani naye akisimama kututetea anaonyeshwa karatasi ileile niliyoonyeshwa mimi, anakaa chini. Tumelipa ada ya taka na tumelipia pia ushahidi wa kwamba hatulipi. Sijamtaja mtu na sitamtaja, kwa sababu sina ushahidi, na ushahidi sina kwa sababu mimi mwenyewe sikudai risiti.

Kuna vijana watano wa tawi letu, mnawafahamu, wamekuja na wazo zuri. Wanataka kushusha taka kwa matoroli na viroba kutoka juu mpaka kwenye gari, nyumba kwa nyumba, kwa siku maalumu. Wamekwenda kuzungumza na Mtendaji, amelipenda. Wanahitaji mtaji: matoroli, mabuti, glovu, majaketi ya kuakisi mwanga. Si mabilioni. Ni kitu ambacho mkopo wa asilimia kumi umewekwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo tunafika mahali ambapo baadhi yenu mtaniudhikia.

Mikopo ile ni ya kisheria. Halmashauri inatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya madeni na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka huu kwa utaratibu mpya. Mapato ya ndani ni nini? Ni ushuru wa mama anayeuza nyanya sokoni. Ni leseni ya mwenye duka. Ni ushuru wa huduma. Si zawadi ya kiongozi yeyote, wala si shukrani ya chama kwa mtu aliyeimba kwenye kampeni. Tena ni fedha ya kuzunguka: aliyerudisha ndiye anayemkopesha anayefuata.

Tawi hili lina kikundi kilichokopa shilingi milioni sita kabla ya kusimamishwa. Mradi ulikuwa kuku. Kimerudisha milioni moja na laki mbili. Bado milioni nne na laki nane. Wengi wa wanakikundi ni wanachama wetu, wengine wamekaa mbele yangu hapa na wananitazama vibaya, nawaona.

Mama zangu, kuku walikufa kwa kideri, najua, nilikuja kuwaona. Kuku kufa si dhambi. Lililoharibu ni kwamba baada ya kuku kufa mlinyamaza. Hamkwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kusema "tumepata hasara, tupangieni upya marejesho." Mlizima simu. Akija mnamwambia mwenyekiti wenu amesafiri Bukoba. Mtu mmoja wa tawi hili, sitamtaja, aliwaambia msihangaike, hela ya serikali haina mwenyewe, uchaguzi ukifika zitafutwa. Uchaguzi umefika na umepita. Deni liko palepale, kwa shilingi ileile.

Wiki iliyopita vijana wa matoroli walikwenda kuulizia fomu. Afisa aliwapokea vizuri. Kisha akasoma majina. Watatu kati ya watano ni watoto wa mama wa kikundi kile. Akawauliza: "Nyumbani mnalizungumzia lile deni?" Hakuwakatalia. Sheria haisemi mtoto alipe deni la mama. Lakini jiwekeni kwenye kiti chake: ataandika nini kwenye mapendekezo? Vijana walirudi wameinamisha vichwa. Mmoja akaniambia, "Katibu, hatutaomba tena." Nimemwambia ataomba, na nitakwenda naye mimi.

Kwa hiyo nimezungumza na Mwenyekiti wa tawi na Mweka Hazina, na tumekubaliana hivi.

Jumanne saa nne asubuhi, baada ya sikukuu ya Uhuru, nitawasindikiza wanakikundi cha kuku kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Tutaomba ratiba mpya ya marejesho, hata kama ni elfu ishirini kwa kila mtu kwa mwezi. Mwenye aibu aje na aibu yake, tutakaa nayo benchi moja. Tawi halitachangia deni hilo kutoka kwenye ada zenu, nalisema waziwazi, maana kuna pendekezo lilipita pembeni. Ada za wanachama si za kulipia kuku.

Kuhusu taka, kuanzia mwezi huu asitoe mtu pesa bila risiti ya mashine. Kijana akisema mashine imeharibika, mwambie arudi ikipona. Usimtukane, yeye naye ametumwa. Risiti zipigwe picha zitumwe kwa Katibu Mwenezi, siyo kwenye kundi hili, maana hapa zitapotea katikati ya salamu za asubuhi na maua.

Kuhusu kivuko, barua mpya imeshaandikwa, safari hii kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa diwani na Mtendaji wa Kata. Lakini barua peke yake nimeshaiona nguvu yake. Jumamosi tarehe 14 saa tatu asubuhi kuna mkutano wa wakazi wa mtaa wa kupanga vipaumbele. Mwenyekiti wa mtaa ameapishwa juzi tu, na awe tulimpigia kura au hatukumpigia, ndiye atakayekwenda na orodha yetu kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Naomba tusiende na mambo kumi na mawili. Tukienda na kumi na mawili tutapewa ahadi kumi na mbili. Twende na kivuko, na tukiulizwa la pili tuseme kituo cha kukusanyia taka pale chini ambapo gari linafika, mbali na geti la zahanati.

Wanaume, mikutano ya mtaa tumewaachia kina mama kwa muda mrefu sana, halafu jioni tunauliza kwenye kahawa walikubaliana nini. Jumamosi njooni.

Fundi mmoja amejitolea kupima upana wa korongo ili tuwe na vipimo mkononi. Anahitaji watu wawili wa kushika kamba kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya sherehe. Mimi ni mmoja. Anayeweza kuwa wa pili anipigie usiku huu, si ujumbe, anipigie.

*Katibu wa Tawi*