Spika za Mstari: Kabla Hujatia Saini



Wakodishaji wa vyombo vya muziki siku hizi hupenda kumwahidi mteja spika za mstari, yaani zile zinazoning'inizwa moja chini ya nyingine hata zikafanya safu iliyopinda kwa chini. Sifa zake si za uongo. Sauti ya spika ya kawaida hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Ya mstari mrefu, hadi umbali fulani, hupungua desibeli 3 tu. Walioketi nyuma husikia, na wa mbele hawaumizwi masikio.

Lakini nimesema mstari mrefu. Wimbi la sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa takriban mita 3.4. Spika nne ndogo, ambazo kwa pamoja hazizidi mita 1, haziwezi kuiongoza besi hiyo; itasambaa kila upande, hata kwa jirani aliyelala. Kwa harusi ya wageni 200, spika mbili nzuri juu ya stendi mara nyingi hutosha, tena kwa gharama nafuu, jambo ambalo mkodishaji hana haraka ya kulitaja.

Ikiwa ukumbi ni mrefu kweli, muulize fundi kama ameupima na kukokotoa pembe baina ya spika na spika, kwani pembe zikikosewa sauti huishia darini. Tena, ni nani aliyethibitisha kwamba paa linahimili uzito ule, na je, upo mnyororo wa pili wa usalama? Majibu yaandikwe katika mkataba. Yasipoandikwa, usitoe malipo ya awali.